Mche wa parachichi ulioungua na baridi: namna ya kujua kama bado u hai

Mche wa parachichi uliopandwa Njombe, Makete au Mufindi, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na mvua za Desemba hukutana na kipupwe chake cha kwanza ukiwa na miezi sita au saba shambani. Shina lake ni nene kama kidole, kimo chake ni cha goti au kiuno. Kisha unakuja usiku mmoja wa Julai, mbingu imejaa nyota, hakuna upepo hata wa kutikisa unyasi, na asubuhi nyasi za bondeni zimekuwa nyeupe kwa jalidi. Ikifika saa sita mchana majani ya mche yamelegea na kuiva kama mboga iliyotoka sufuriani. Siku tano baadaye yamekauka, rangi ya ugoro. Hapo mwenye shamba huchukua jembe akang'oe.

Jembe lisubiri. Majani yakifa haimaanishi mche umekufa. Kinachoamua ni kipande kifupi cha shina kuanzia kwenye kiungio, pale kikonyo, yaani kijitawi cha aina bora, kilipobebeshwa juu ya shina la mbegu, na kupanda juu kama sentimita 20. Kipande hicho hakisemi ukweli wake katika wiki ya kwanza, kwa sababu gome lililouawa na baridi hukaa siku kadhaa likiwa bado la kijani kabla halijageuka rangi. Kwa hiyo ukaguzi hufanywa mara tatu: mwisho wa wiki ya pili, baada ya wiki sita, na mara ya mwisho mvua zikishaanza. Vifaa ni vichache: kisu kidogo chenye makali, kitambaa na spiriti, kamba za rangi mbili, rula na daftari.

Baridi ilikuwa kali kiasi gani

Hass, aina inayopandwa kwa wingi kwa ajili ya soko la nje, huanza kuumia joto likishuka nyuzi 1 hadi 2 chini ya sifuri. Mti mkubwa hupoteza majani ya nje na kuendelea na maisha; mche wa mwaka wa kwanza kwa baridi hiyohiyo hupoteza matawi. Fuerte huvumilia zaidi kidogo, karibu nyuzi 3 chini ya sifuri. Jina lenyewe kwa Kihispania ni "wenye nguvu", nao ulilipata California baada ya kunusurika baridi kubwa ya mwaka 1913 iliyoua miparachichi mingi mingine.

Usitegemee namba ya hali ya hewa iliyo kwenye simu. Kipimajoto cha kituo huwekwa juu ya ardhi kwa kimo kinachokaribia cha mtu, ilhali usiku mtulivu usio na mawingu hewa iliyo usawa wa nyasi huwa baridi zaidi kwa nyuzi kadhaa. Simu inaweza kusema nyuzi 3 na mche wako wa sentimita 60 ukawa umelala ndani ya barafu. Tena hewa ya baridi ni nzito, hutiririka kama maji na kutuama bondeni au nyuma ya ua mnene ulioizuia isishuke. Ndiyo maana miche ya mstari wa chini huungua na ile ya mita 30 juu yake ikabaki ya kijani. Kama huna kipimajoto cha kuning'iniza kwenye kijiti usawa wa mche, acha kifuniko cha ndoo chenye maji ya kina cha sentimita moja kando ya mstari wa chini. Ukiamka ukakuta utando mwembamba wa barafu pembeni, baridi ilikuwa ya kuunguza majani. Maji yakiwa yameganda yote, andika tarehe, kwani kuanzia siku hiyo ndipo utakapohesabu wiki mbili.

Wiki ya kwanza: angalia tu

Jalidi huua kwa namna hii: maji yaliyo kati ya seli za jani huganda kwanza, barafu hiyo ikavuta maji kutoka ndani ya seli, tando za seli zikachanika. Jua likitoka, barafu inayeyuka na utomvu unavuja. Jani linaonekana kama limeloweshwa mafuta. Sehemu nyembamba ndizo hutangulia kufa: ncha, majani machanga, kisha vijitawi, shina likiwa la mwisho.

Usikate kitu. Usipukuse majani yaliyoungua, maana yanalikinga gome na jua na jalidi itakayofuata; Agosti bado iko mbele. Usiweke mbolea. Kazi ya wiki hii ni kuchora ramani ya shamba kwenye daftari, mstari kwa mstari, na kufunga kamba kwenye kila mche ulioguswa.

Baada ya siku 7 hadi 10 anza kutazama kitu ambacho wengi hukisoma kinyume: majani yanadondoka au yameng'ang'ania? Jani haliwezi kudondoka lenyewe bila tawi hai, kwa sababu ni tawi linalojenga tabaka la kulikata shinani mwa kikonyo cha jani. Mche uliovuliwa majani yote na kubaki fimbo tupu ya kijani unatisha kuutazama, lakini hiyo ni dalili njema. Ule ambao majani yake makavu yamening'inia wiki mbili, tatu, hata ukiyavuta hayatoki, tawi lake lilikufa pamoja nayo. Andika D kwa yanayodondoka na N kwa yaliyong'ang'ania. Herufi hizo zitakusaidia kuliko picha.

Ukaguzi wa kwanza: kukwangua gome

Ufanye mwisho wa wiki ya pili, asubuhi jua likiwa limetoka lakini halijawa kali, ili rangi ionekane vizuri.

1. Futa kisu kwa spiriti. Rudia kila unapohama mche.

2. Anza kwenye ncha. Kwangua gome kwa upole, alama ya urefu wa nusu sentimita na upana wa milimita 2 hivi. Unataka kuondoa ngozi ya nje tu. Ukiona mti mweupe mkavu umekwenda mbali mno, umevuka tabaka lenyewe la kijani.

3. Soma rangi na unyevu pamoja. Kijani kibichi au kijani cha manjano, kinachong'aa na kulowanisha kidole, ni uhai. Kahawia, iwe nyepesi au nzito, ni kifo hata kama pana unyevu. Kijani kilichofifia, chenye madoa ya kahawia kama chai iliyomwagika, ni gome linaloendelea kufa au linalopigania uhai. Liwekee alama ya kuuliza.

4. Ukikuta kahawia, shuka sentimita 5 na ukwangue tena, upande mwingine wa shina. Endelea hivyo hadi ufike kwenye kijani. Usikwangue alama zote mstari mmoja, na kamwe usizungushe kisu kulizunguka shina: pete ya gome iliyoondolewa huua kilicho juu yake kwa hakika kuliko jalidi.

5. Pima kwa rula kutoka kwenye kiungio hadi mahali kijani kilipoanza. Andika namba hiyo. Funga kamba ya rangi ya kwanza papo hapo kwenye shina.

Kuna jaribio la pili la kuunga mkono la kwanza, nalo ni kukunja kijitawi taratibu kwa vidole viwili. Kilicho hai hukunjika kama upinde na kurudi. Kilichokufa huvunjika kwa mlio mkavu. Ila wiki ya pili ni mapema kwa jaribio hili, kwani tawi lililokufa juzi bado lina maji ya kulifanya lipinde. Lina faida zaidi kwenye ukaguzi wa wiki ya sita.

Sasa piga magoti. Wengi wakikuta kijani nusu ya juu ya shina hufunga daftari na kwenda, wakaja kushangaa Septemba mche umenyauka ghafla. Mara nyingine baridi huua gome la chini, kati ya usawa wa udongo na sentimita 15 juu, kwa kuwa hapo ndipo hewa ya baridi kuliko zote ililala. Sehemu ya juu hubaki ya kijani kwa wiki kadhaa ikiishi kwa maji yanayopandishwa na mti wa ndani, ambao haujafa. Lakini chakula kutoka juu hakishuki tena kwenye mizizi, na mizizi ikishamaliza akiba yake kila kitu kinaanguka. Zungusha macho pande zote nne za kitako cha mche. Tafuta gome lililobonyea, lililopasuka kwa urefu, au lenye rangi nzito kama limelowa. Bonyeza kwa kidole gumba: gome hai ni gumu, lililokufa hubonyea na kuteleza juu ya mti. Likiwa limekufa upande mmoja tu mche utapona na kulifunika kovu. Likiwa limekufa mzunguko mzima, chini ya kiungio, hesabu yako imeisha hata kama majani ya juu yanameta.

Kiungio ndicho mpaka

Mche wa kubebesha ni miti miwili. Chini ni shina lililotoka kwenye mbegu, mara nyingi mbegu ya parachichi la kienyeji. Juu ni kikonyo cha Hass. Kiungio huonekana kama kovu, uvimbe au kona ndogo kwenye shina, kwa kawaida sentimita 20 hadi 30 kutoka usawa wa udongo wa kiriba, yaani mfuko wa kitaluni. Kama kimefunikwa na udongo, fukua hadi ukione, maana bila kukijua ukaguzi wote hauna maana.

Kijani kikianza popote juu ya kiungio, hata sentimita 5 tu, una Hass hai. Chini ya gome kuna macho yaliyolala ambayo hayaonekani kwa nje, na ncha ikifa ndiyo huamka. Kijani kikianza chini ya kiungio, ulicho nacho ni mti wa mbegu. Utachipua vizuri sana, kwa haraka kuliko jirani zake, na kumfurahisha mwenye shamba mwaka mzima, kisha utakaa miaka mingi kabla ya kuzaa matunda ambayo hakuna mnunuzi wa Hass atakayeyachukua. Hasara ya kuudhi kuliko zote baada ya jalidi ndiyo hii, kwa sababu huigundui ila umeshalima, umeshapalilia na umeshamwagilia misimu kadhaa.

Je, ni baridi kweli?

Mizizi haifi kwa jalidi katika nyanda hizi. Udongo wa sentimita 10 chini hauwezi kuganda kwa usiku wa kipupwe. Kwa hiyo ukikuta mizizi imekufa, mtafute mwuaji mwingine.

Shika shina karibu na udongo, ulitikise kwa upole. Mche unaocheza kama jino bovu, au unaotoka wote mkononi, umekatwa mizizi na fuko. Dalili yake nyingine ni kuwa mche mmoja tu umenyauka katikati ya wazima, wakati jalidi hupiga kwa eneo. Tazama vilima vya udongo mpya karibu.

Kama mche umesimama imara, fukua kidogo kwa vidole, sentimita 30 kutoka shinani, kina cha sentimita 10 hadi 15. Vijizizi hai ni vyeupe vya krimu, vigumu, na hukatika kwa mlio. Vyeusi vinavyovulika ngozi kama uzi uliooza ni ugonjwa wa kuoza mizizi, ambao huanzia kwenye maji yaliyotuama. Mche wa namna hiyo haukuungua usiku mmoja. Majani yake yalikuwa madogo na ya kijani kilichopauka tangu Aprili au Mei, tena yalinyauka udongo ukiwa na unyevu. Jalidi imemalizia tu.

Ukame nao huacha alama zake: majani hujikunja kwa urefu kama mtumbwi na kuungua kuanzia kwenye ncha na kingo, na huwa ni ya shamba zima hadi kilimani, wala si ya bondeni peke yake. Kuungua kwa jalidi kunaanzia juu na nje. Majani ya ndani yaliyokuwa chini ya mengine mara nyingi husalimika. Mche ambao majani yake yalikufa kuanzia chini kwenda juu, ilhali gome la kitako ni zima, haukuuawa na baridi ya hewani.

Wakati wa kungoja

Kati ya ukaguzi wa kwanza na wa pili mche hufa zaidi kwa kutunzwa vibaya kuliko kwa jeraha lenyewe. Mambo matatu.

Jua. Shina lililozoea kivuli cha majani yake sasa liko uchi, na gome la parachichi huungua upesi. Hadi katikati ya Oktoba jua la mchana la Njombe liko upande wa kaskazini, na la alasiri ndilo kali, kwa hiyo upande wa kaskazini-magharibi ndio unaobabuka kwanza. Changanya rangi nyeupe ya maji, ile ya kupaka ukutani, kwa kiasi sawa na maji: kopo moja la rangi, kopo moja la maji. Paka shina lote na matawi kwa brashi, ukipita juu ya alama zako za kukwangua. Usitumie rangi ya mafuta, inaua gome. Chokaa nayo hufaa lakini mvua ya kwanza huiosha.

Maji. Mche usio na majani hautumii maji kama zamani, ila mkono wa mwenye huruma huzidi kumwaga. Kama ulikuwa unaupa lita 20 kwa wiki, shuka hadi nusu, na kabla ya kumwaga ingiza kidole chote ardhini: ukikuta unyevu, acha. Mizizi inayokaa kwenye tope bila majani ya kuivuta ndiyo inayooza.

Mbolea, hapana. CAN au urea, mbolea za nitrojeni, inayowekwa Agosti ili kuusaidia mche uamke husukuma machipukizi laini wakati usiku wa jalidi haujaisha, na mche unatumia akiba yake ya mwisho kuvalisha majani yatakayoungua tena. Mche ulioungua mara mbili katika kipupwe kimoja haurudi kwa urahisi. Samadi nayo ingoje.

Wiki ya sita

Rudia kukwangua, ukianzia kwenye kamba ya kwanza. Funga kamba ya rangi ya pili mahali kijani kinapoanza leo, upime umbali kati ya kamba mbili.

Zikiwa mahali pamoja, au tofauti yake ni sentimita 1 au 2, mpaka umetulia. Mche huo usiuguse. Kamba ya pili ikiwa imeshuka sana, tuseme sentimita 10, bado unakufa kutoka juu. Hapo mara nyingi kuvu wameingia kwenye mti uliokufa na wanashuka nao. Chunguza kama kuna madoa meusi au vumbi jeupe la utomvu uliokauka kwenye gome. Ukiviona, kata siku hiyo sentimita 5 chini ya mpaka wa kahawia, ndani ya kijani, na upake jeraha dawa ya kuvu yenye kopa (shaba). Hiki ndicho kisa pekee cha kukata mapema.

Wakati huu pia ndipo macho huanza kuvimba. Tafuta vijipele vya kijani au vya wekundu wa shaba kwenye pembe za makovu ya majani, hasa chini kidogo ya kamba. Kimoja kinatosha.

Miche ambayo kijani chake kimeshuka hadi chini ya kiungio iandike ya kubadilishwa, na uagize mingine mapema, Septemba au Oktoba, kwenye kitalu kilichosajiliwa. Wanaongoja hadi Januari huambulia miche iliyobaki, mirefu na myembamba, iliyokaa kwenye kiriba hadi mizizi ikajizungusha.

Ukaguzi wa mwisho, mvua zikianza

Wiki tatu hadi nne baada ya mvua za Novemba au Desemba kushika, mche wenye uhai juu ya kiungio unapaswa kuwa na chipukizi. Kwangua mara ya mwisho ile ambayo haina. Iliyo kahawia hadi kwenye kiungio, ng'oa. Iliyo ya kijani bila jicho lolote hadi mwisho wa Desemba inahitaji uamuzi wako. Kwa maoni yetu, ikiwa una mche mbadala mkononi, badilisha, kwa kuwa mche unaosuasua mwaka wa kwanza hubaki nyuma ya wenzake kwa miaka, na nafasi ya mita 6 kwa 6 ina gharama yake.

Machipukizi ya chini ya kiungio yabandue kwa kidole gumba yakiwa mafupi, chini ya sentimita 10. Ukiyabandua pamoja na kitako chake hayarudi. Ukiyakata kwa kisu huacha macho mawili pale palipokuwa na moja. Isipokuwa kama sehemu ya Hass imekufa yote na unataka kuubebesha mche upya hapohapo shambani. Njia hiyo ina mantiki kama mizizi ni mizima: acha chipukizi moja lililonyooka, lifunge kwenye kijiti, na likifika unene wa penseli mwite fundi wa kubebesha. Mizizi iliyokwisha kushika ardhi hukisukuma kikonyo kipya kwa nguvu. Kwa miche miwili mitatu haifai kumlipa fundi nauli. Kwa thelathini inafaa.

Kukata kilichokufa

Chipukizi likifika sentimita 20 hadi 30 na majani yake yakakomaa rangi ya kijani kizito, ndipo mkasi utoke. Chukua mkasi wa kupogolea wenye makali, uuchovye kwenye klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, kila unapohama mche. Uuoshe na kuupaka mafuta jioni, maana klorini hula chuma.

Kama yameota machipukizi kadhaa, chagua lile lililo juu zaidi kati ya yaliyo imara na yaliyonyooka. Kata shina lililokufa nusu sentimita juu ya chipukizi hilo, kwa mshazari, mteremko ukielekea upande usio na chipukizi ili maji ya mvua yasilimiminikie. Tazama uso wa mkato: mti uwe mweupe wa krimu mzunguko mzima. Ukiona doa la kahawia katikati au pembeni, shuka sentimita 2 ukate tena, na kama hapo pana chipukizi jingine, hilo ndilo mrithi. Machipukizi mengine usiyaondoe yote kwa siku moja. Yakate ncha, yabaki yakiulisha mche hadi lile kuu litakapopita urefu wa goti. Lifunge kwenye kijiti kwa kitambaa laini kwa umbo la namba 8, kwa sababu chipukizi jipya limeshikwa na gome tu na upepo huling'oa lote.

Sasa mbolea inaruhusiwa: gramu 50 za CAN kwa mche, ikinyunyizwa kwenye duara la sentimita 30 kutoka shinani udongo ukiwa na unyevu, irudiwe baada ya wiki sita. Ikifika Machi acha nitrojeni kabisa. Majani yanayoota Mei ni mboga ya jalidi.

Tufaha, na mashamba ya Kenya

Kipimo cha majani hakifai kwa mtufaha. Huo huvua majani yake wenyewe katika kipupwe, na ukiwa umelala huvumilia baridi ambayo nyanda za juu hazijawahi kuiona. Mtufaha uliopandwa mwaka huu ukisimama bila jani Julai hauna shida. Ukaguzi wake ni wa jicho: chuna jicho moja la pembeni, lipasue kwa wembe kwa urefu. Kijani ndani ni zima. Kahawia au jeusi limekufa. Pasua matatu kutoka sehemu tofauti kabla ya kuhukumu. Hatari yake halisi ni Agosti na Septemba ukichanua, kwani ua lililofunguka huanza kufa karibu nyuzi 2 chini ya sifuri.

Kwa wakulima wa Kinangop, Limuru na miinuko ya Nyandarua hatua ni hizihizi lakini kalenda ni nyingine. Huko usiku wa kuunguza ni ule mkavu na mweupe wa Desemba hadi Februari, na mvua za kuuamsha mche huja Machi au Aprili, yaani baada ya muda mfupi zaidi. Ukaguzi wa wiki ya sita na ule wa mwisho unaweza kuangukia mwezi mmoja. Aliyeunguliwa Januari asikate kabla ya Mei.

Kipupwe kijacho

Mche ulionusurika utakutana na jalidi tena ukiwa na chipukizi changa kuliko umri wake, hivyo utunze kama umepandwa jana. Mwishoni mwa Mei sogeza matandazo nusu mita kutoka shinani. Nyasi kavu huzuia joto la udongo lisipande usiku, ilhali udongo ulio wazi na wenye unyevu hulihifadhi mchana na kulitoa alfajiri. Mwagilia asubuhi ya siku unayoona itakuwa na usiku mweupe. Jenga kibanda cha vijiti vinne na nyasi juu, kirefu kuliko mche kwa sentimita 20, nyasi zisiguse majani, upande wa mashariki ukiwa wazi ili jua la asubuhi liingie taratibu. Mfuko wa plastiki uliovikwa moja kwa moja ni mbaya kuliko kutokuvika kitu, kwani jani linalougusa huganda nao na mchana huchemka. Kwenye ua wa mstari wa chini fungua mwanya wa mita 2 au 3 ili hewa ya baridi ipate pa kutokea. Kibanda kiondolewe Septemba, ukichunguza kwanza kama mchwa wamepanda kwenye vijiti, na matandazo yarudishwe, yakibaki umbali wa kiganja kutoka kwenye shina.